Laini Tatu kwenye Pindo la Kanga

Mama yangu alikuwa na simu moja na laini tatu. Simu yenyewe ilikuwa kitochi, mfuniko wake wa nyuma umeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Laini iliyokuwa kazini ilikaa ndani ya simu. Mbili zilizobaki alizikunja kwenye kipande cha karatasi ya daftari na kuzifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na hela ya chumvi. Ili asizichanganye aliziwekea alama ya kalamu: moja nukta moja, nyingine nukta mbili. Mtu akimpigia kusema anataka kumtumia chochote, swali lake la kwanza halikuwa ni kiasi gani. Aliuliza, "Unatuma kwa mtandao gani, mwanangu?" Kisha aliketi, akafungua pindo, akazima simu, akatoa betri kwa ukucha, akabadilisha laini, akawasha tena na kusubiri.

Hapo ni Buswahili, Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, upande ule ambao Mto Mara unapunguza mwendo na kupotelea kwenye mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mwaka ni 2013. Nilikuwa kidato cha nne, na nyumbani kulikuwa na mtamba mmoja ambaye kila mtu alijua ni wa nini. Nikifaulu, angeuzwa mnadani Bunda ili ninunuliwe mahitaji ya kidato cha tano.

Septemba ya mwaka huo mdogo wangu wa kike alishikwa na homa iliyompandisha degedege. Kaka yetu, aliyekuwa akibeba mizigo Kariakoo, alipigiwa simu mchana, na kabla ya saa kumi alikuwa ameshatuma shilingi 80,000. Ila simu yake ilikuwa imeibwa wiki ile, kwa hiyo alituma kwa simu ya rafiki yake, na rafiki yake alitumia mtandao ambao mama hakuwa na laini yake. Hela haikuingia kwenye simu. Ulikuja ujumbe wenye tarakimu nyingi na maelekezo: nenda kwa wakala wa mtandao ule, mwonyeshe namba hii, atakupa fedha zako.

Wakala wa pale kijijini hakuwa na mtandao ule. Aliyekuwa nao alikuwa mbali, barabarani, na mama alipofika kwa bodaboda ya mkopo alikuta yule bwana hana keshi. "Labda kesho asubuhi, mama." Jioni ile mtamba aliuzwa kwa dalali kwa shilingi 150,000. Wiki mbili kabla yake mama alikuwa amekataa 280,000 kwa mtu yuleyule. Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu kwa hilo. Zile 80,000 tulizitoa siku ya tatu, Musoma mjini, zikiwa zimeshaliwa kiasi na nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa miaka mingi nilijieleza jambo hili kwa namna moja tu: teknolojia ilikuwa bado changa. Mifumo, kama wanavyosema siku hizi maofisini, ilikuwa haisomani. Nilidhani ni kama daraja ambalo wahandisi hawajamaliza kulijenga. Nilipoanza kusoma historia ya fedha za simu Afrika Mashariki, hasira yangu ilihama mahali. Daraja lilikuwa linajengeka. Lililochukua muda lilikuwa mabishano ya nani afungue mlango kwanza, na katika mabishano hayo karibu kila kampuni imewahi kusimama pande zote mbili na kusema maneno yote mawili kwa uso mkavu.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, chini ya Safaricom. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Zantel ikaja na Z-Pesa, Zain ikaja na Zap mwaka 2009, halafu Zain ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India na Zap ikawa Airtel Money. Tigo Pesa ilizinduliwa 2010. Ndani ya miaka michache mtu wa Mara alikuwa na huduma nne za kuchagua, jambo ambalo benki hazikuwa zimemfanyia tangu uhuru. Lakini kila moja ilikuwa boma lenye ukuta wake. Ajabu ni kwamba simu zenyewe hazikuwa hivyo. Ungeweza kupiga kutoka mtandao wowote kwenda wowote. Ujumbe mfupi ulivuka bila kuulizwa kabila. Sauti ya mama ilivuka. Hela yake ndiyo iliyogeuzwa tarakimu na kuambiwa ipange foleni kwa wakala wa mtandao mwingine.

Anza na Kenya, kwa sababu huko ndiko maneno yalisemwa waziwazi zaidi. M-Pesa ilipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mabenki makubwa yalistuka. Mamilioni ya watu walikuwa wanaweka na kutumiana fedha kwa kampuni ya simu isiyo na leseni ya benki. Mabenki hayakusema "tunaogopa kunyang'anywa wateja." Yalisema usalama. Je, fedha za wananchi ziko salama? Nani anasimamia? Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Waziri wa Fedha, akaagiza huduma ile ikaguliwe. Safaricom ikajitetea kama mnyonge anayewahudumia wanyonge: tuacheni, tumewafungulia mlango watu ambao nyinyi mliwafungia. Mwanzoni mwa 2009 jibu la serikali likatoka kwamba huduma ni salama. Nadhani lilikuwa jibu sahihi.

Sasa ruka hadi 2014. Safaricom ni jitu. Mawakala wake wako kila kona, na kwa mkataba hawaruhusiwi kuhudumia kampuni nyingine. Equity Bank, kupitia kampuni yake tanzu ya Finserve, inapata leseni ya kuendesha huduma ya simu kwa kupanda mgongo wa mtandao wa Airtel. Silaha yake ni kadi nyembamba kama karatasi inayobandikwa juu ya laini ya kawaida. Ukiibandika, simu yenye tundu moja la laini inakuwa na mitandao miwili. Fikiria mama angefanya nini na kitu kama hicho! Pindo la kanga lingerudia kazi yake ya kufunga hela ya chumvi.

Safaricom ikapinga. Ikasema nini? Usalama. Kadi ile inaweza kunasa taarifa za mteja, hata namba yake ya siri. Je, fedha za wananchi zitakuwa salama? Suala likafika kwa mdhibiti, na Septemba 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikaruhusu kadi zile zitumike kwa majaribio ya mwaka mmoja. Soma hoja za mabenki za 2008, halafu soma za Safaricom za 2014. Ni kama mtu alipewa hotuba ya adui yake aisome, akabadilisha jina la mtuhumiwa tu. Na upande wa pili, benki ndiyo iliyokuwa sasa inahubiri uhuru wa mteja kuchagua.

Sisemi hoja ya usalama ni uongo wakati wote. Mtu yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anajua kwamba matapeli wapo na wana bidii. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo ina tabia ya kuamka usingizini mpinzani anapobisha hodi.

Tuwape pia haki yao wenye maboma, maana hoja yao ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Wanasema: mimi nimechimba kisima. Nimewafundisha mawakala, nimelipa matangazo, nimekula hasara miaka ya mwanzo wakati watu wanacheka. Leo unakuja na ndoo yako unasema maji ni ya wote? Ukikulia Mara, ambako kiangazi kinaweza kukutembeza saa nzima na ndoo kichwani, hoja ya kisima huidharau. Aliyechimba ana haki yake. Lakini kisima hiki hakikuchimbwa kwa jasho la mtu mmoja. Majaribio ya M-Pesa yaligharimiwa kwa karibu pauni milioni 1 kutoka DFID, idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia misaada ya maendeleo, na Vodafone ikaongeza kiasi cha kulingana nacho. Walipakodi wa Uingereza walishika jembe. Wadhibiti wa huku nao walishika, kwa kuacha kitu kisichokuwa na sheria kikue kwanza, kitungiwe sheria baadaye. Walipokuwa wanaomba hayo, waanzilishi walizungumzia manufaa ya umma. Kilipojaa maji ndipo tukasikia habari za mwenye kisima.

Basi ni rahisi kumtoa Safaricom shetani na Airtel malaika. Airtel ndiyo iliyolalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuhusu mawakala waliofungwa kwa mkataba, na Julai 2014 mkataba ule ukavunjwa. Wakala wa Safaricom akawa huru kuhudumia wengine. Ukisoma malalamiko ya Airtel nchini Kenya unaweza kutokwa machozi. Ushindani! Haki ya mteja! Sasa nenda India, nyumbani kwa Airtel, ambako yenyewe ndiyo ilikuwa jitu. Mwaka 2016 kampuni mpya, Reliance Jio, ikaingia sokoni, na wateja wake walipopiga simu kwenda mitandao mikubwa, simu nyingi mno zikawa zinakatika. Jio ikalalamika kwamba wakubwa wanainyima viunganishi vya kutosha. Oktoba mwaka huohuo mdhibiti wa mawasiliano wa India akapendekeza Airtel, Vodafone na Idea zitozwe faini ya jumla ya rupia bilioni 30.5. Kampuni hizo zilikana kosa. Lakini ramani inajichora yenyewe: Nairobi mlalamikaji, Delhi mlalamikiwa, jina moja kwenye barua zote mbili.

Vodafone nayo, mzazi wa M-Pesa, mwaka 2015 ilikuwa Uingereza ikipiga kelele pamoja na Sky na TalkTalk kwamba BT inahodhi nyaya za simu kupitia Openreach, na kwamba kitengo hicho kitenganishwe ili wote wapite kwa haki. Mwaka huo wa 2015, nchini kwetu, Vodacom iliyo chini ya kundi hilohilo la Vodafone ilikuwa ndiyo kampuni kubwa pekee ambayo bado haijakubali hela ya M-Pesa ivuke kwenda kwa jirani.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na jambo hili si la simu za Afrika peke yake. Mwaka 2001 Steve Ballmer wa Microsoft aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 Microsoft ileile ikanunua GitHub, ghala kubwa kuliko yote la programu huria, kwa dola bilioni 7.5, na kujiita rafiki wa zamani. Google iliipamba Android kwa neno "huria" mpaka neno likachakaa, lakini Julai 2018 Tume ya Ulaya ikaitoza faini ya euro bilioni 4.34. Tume ilikuta kwamba mtengenezaji wa simu aliyetaka duka la Play alilazimika kuweka pia utafutaji wa Google na Chrome, na alizuiwa kuuza simu zenye Android iliyobadilishwa na wengine. Miaka minne baadaye Google ikaanzisha kampeni ya kuiaibisha Apple kwa sababu ujumbe wa iPhone hauzungumzi vizuri na wa simu nyingine. Apple ikafungue mlango! Nilicheka peke yangu ndani ya Hiace.

Turudi nyumbani, kwa sababu Tanzania ilifanya jambo ambalo majirani hawakulifanya mapema, na inastahili sifa hata kama sifa hiyo ina madoa.

Kuanzia 2012 na 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, liliwakalisha wadau mezani, Benki Kuu ikiangalia bila kuwalazimisha. Waliyojadiliana si mambo ya mitambo sana. Ni nani amlipe nani. Hela ikitoka mtandao wa kwanza kwenda wa pili, gharama ya kumlipa wakala atakayemhudumia mpokeaji anaibeba wa pili. Basi wa kwanza amrudishie kiasi gani? Kila kampuni ikafungua akaunti kwa mwenzake na kuweka fedha humo kabla, ili muamala ukivuka isiwe deni la maneno. Hesabu hizi angeweza kuzielewa mwenye duka yeyote wa Musoma anayekopeshana sukari na duka la pili. Juni 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakatangaza makubaliano, na kabla ya mwaka kwisha hela zikaanza kuvuka. Afrika haikuwa imeona mfano kama huo.

Vodacom, mkubwa kuliko wote, ikaingia Februari 2016.

Hapo katikati ndipo ninapokwama kila nikisoma. Februari 2014 Tigo ilikuwa imewezesha mtu kutuma hela kutoka Tanzania hadi Rwanda, tena ikibadilishwa kuwa faranga njiani. Mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom Tanzania ikaunganishwa na M-Pesa ya Safaricom. Kwa sisi wa Mara hili halikuwa jambo la gazetini. Mpaka wa Sirari uko jirani, tuna ndugu Migori, tuna ndugu Kisumu. Basi kwa miezi kadhaa shangazi aliye ng'ambo ya mpaka, mwenye fedha za nchi nyingine na rais mwingine, aliweza kuingiza hela moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mtu wa Buswahili, wakati jirani yake wa nyumba ya tatu mwenye Tigo hakuweza. Utasema Safaricom na Vodacom ni watoto wa boma moja, na mitambo yao ina asili moja, hivyo kuunganisha ilikuwa rahisi. Ni kweli. Lakini basi tusiambiwe tena kwamba tatizo lilikuwa umbali au sarafu.

Na Tigo, shujaa wa 2014? Oktoba ya mwaka uleule ambao ilifungua ukuta wa pesa, ilishirikiana na Facebook kuleta Internet.org Tanzania: intaneti ya bure, ila ni kwa tovuti chache zilizoruhusiwa kuingia, na Facebook ikiwemo. Mkono mmoja unabomoa ukuta, wa pili unapanga matofali.

Sasa naomba niseme jambo ambalo limenifanya niandike makala haya, na ambalo nimelizungukazunguka tangu nilipoanza.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne nilikwenda Musoma kukaa kwa baba mdogo, nikapata kazi kwenye kibanda cha wakala. Kibanda kilikuwa cha mama mmoja mkarimu, mkali kwenye hesabu, aliyetuita sote wanangu. Tofauti na Kenya, wakala wa Tanzania hakufungwa na kampuni moja. Tulikuwa na simu nne zimefungwa kwa kamba kwenye meza, kila moja na mtandao wake, na daftari nne. Watu husema makampuni yaliunganisha mifumo mwaka 2014. Mimi nasema mifumo ilikuwa imeshaunganishwa zamani, na kiunganishi chenyewe kilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyekaa kwenye stuli.

Ilikuwa hivi. Mteja anakuja, ana hela kwenye mtandao huu, anataka kumtumia mama yake aliye kwenye mtandao ule. Nilimwambia atoe kwangu kwa simu ya kwanza. Akakatwa ya kutolea. Kisha bila noti hata kushikwa, nikachukua simu ya pili na kuweka kiasi kilekile moja kwa moja kwenye namba ya mama yake, jambo lililokatazwa na makampuni na lililofanywa na kila wakala niliyemjua. Mteja aliondoka akishukuru. Mimi niliandika miamala miwili kwenye madaftari mawili, na kamisheni zikaingia mbili: ya kutoa na ya kuweka. Siku nzuri, zaidi ya nusu ya faida ya kibanda ilitokana na wateja wa namna hiyo. Ukuta ule ulitulisha. Ulinilisha mimi. Nilikwenda kidato cha tano Julai 2014 kwa mkopo wa baba mdogo na kwa akiba ya kamisheni zile, na kila likizo nilirudi kwenye stuli.

Februari 2016 nilikuwa kidato cha sita. Nilipomaliza mtihani Mei na kurudi kibandani, nilimkuta mama mwenye kibanda amenuna. Daftari la wateja wa kuvusha lilikuwa karibu tupu. Watu walikuwa wanatumiana wenyewe, wakiwa wamelala vitandani mwao, kutoka mtandao wowote kwenda wowote. "Hawa wameungana kutunyima riziki," aliniambia. "Kila mtu alikuwa na mtandao wake, tukala vizuri. Nani aliwaomba waungane?"

Nami nikaitikia. Sikuitikia kwa adabu tu, kama kijana anavyomwitikia mkubwa. Nilikubali kabisa. Nikaongeza na maneno yangu: kwamba si salama, kwamba watu watakosea namba, kwamba hela ikipotelea mtandao mwingine nani atairudisha? Tulikaa pale mimi na yeye tukijenga hoja ya usalama, tofali kwa tofali, bila hata mmoja wetu kuwahi kusikia habari za mabenki ya Kenya. Jioni nilipopanda kitandani nilikuwa nimeshawaza hata kuandika barua gazetini kwa niaba ya mawakala. Mtamba hakunijia akilini hata mara moja. Alinijia miaka mitatu baadaye, chuoni Dar es Salaam, nikiwa nasoma ripoti kuhusu makubaliano yale, nikafika kwenye sentensi inayoeleza jinsi mpokeaji wa mtandao mwingine alivyokuwa akitumiwa namba ya kuchukulia fedha. Nikafunga kompyuta.

Mwezi huohuo wa 2016 kuna jambo lingine lilitokea ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Kijana mmoja alitaka kufungua kibanda cha wakala hatua kama thelathini kutoka kwetu. Mama mwenye kibanda, ambaye kila asubuhi alisifia kwamba Tanzania wakala yuko huru kuchukua mtandao wowote, alimwita afisa mauzo aliyekuwa akituzungukia, akamnunulia soda, akamwomba asimpe yule kijana laini ya uwakala. Alitoa sababu: eneo hili lina vibaka, kibanda kipya kitavutia wezi. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuleta soda. Yule kijana alipata laini yake baada ya miezi miwili hivi, na siku hizi ana duka kubwa kuliko letu.

Majirani walifika pale tulipofika sisi. Kenya, mwezi Aprili 2018, hela zikaanza kuvuka moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel. Tanzania ilipata Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa mwaka 2015, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake, TIPS, ambao benki na makampuni ya simu hupitia pamoja badala ya kila wawili kuwa na mkataba wao. Tigo leo haipo kwa jina hilo. Ilinunuliwa na Axian mwaka 2022 na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Jina la Zantel limetoweka kwenye vibao. Wanaokuja mjini siku hizi hawajui kwamba kulikuwa na ukuta, na kijana wa stuli hana tena kazi ya kuvusha.

Pasaka iliyopita nilikwenda Buswahili. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa matope. Mama ana simu ya kupangusa sasa, yenye matundu mawili ya laini, aliyonunuliwa na mdogo wangu, yuleyule wa degedege, ambaye ni mwalimu Bunda. Tulipokuwa tunamenya mihogo nikaona pindo la kanga limefungwa. Nikamwuliza kuna nini humo. Akafungua: noti ya elfu mbili, na laini yenye nukta mbili, wino wake umefifia.

"Mama, hii ya nini tena? Siku hizi zote zinasomana."

"Ina shilingi 340."

Nikaichukua, nikaitia kwenye simu yangu. Ilikuwa imeshafungwa siku nyingi kwa kutotumika, haikuleta hata jina la mtandao. Nikamwonyesha. Akaitazama, akaniambia niikunje vizuri kama nilivyoikuta, halafu akaifunga tena pamoja na elfu mbili yake na kuendelea na mihogo.